Daftari la Majina Yasiyokuwepo

Wajukuu zangu, na nyinyi msio wajukuu zangu ila mmeshakaa, hadithi ipo na mwenyewe nipo. Nchi ninayoisema msiitafute kwenye ramani. Nimeitafuta mimi na miwani, sikuiona. Ni nchi nzuri tu. Ina bendera, ina wimbo wa beti tisa, na Serikali yake inawapenda wananchi hata pale wananchi wanapoomba ipunguze.

Katika nchi hiyo huduma zote zilikuwa bure. Cheti cha kuzaliwa, bure. Tarehe ya hospitali, bure. Ila zote zilikuwa ndani ya kompyuta, kwenye kurasa za Serikali, na kurasa hizo Serikali ilikuwa imewapangisha wafanyabiashara wabandike matangazo yao, kama mtu aliyepangisha sebule, jiko na uchochoro, halafu mwenyewe akahamia kulala darini. Huduma ilikuwepo. Ilikuwa darini.

Sasa mke mwenzangu Nyamizi aliugua mtoto wa jicho. Marehemu mume wetu alituachia nyumba moja na ugomvi mmoja. Nyumba tukaigawana, ugomvi tukawa tunautumia kwa zamu. Nyamizi ni msusi wa mikeka ya ukindu, na mikono yake haihitaji macho, isipokuwa kwenye rangi. Alikuwa ananiuliza, "Hii nyekundu au nyeusi?" Siku tukiwa tumepatana namwambia kweli. Siku nyingine namwambia kijani.

Daktari wa wilaya akammulika kwa tochi. Akasema jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia bado linaokoleka, likipasuliwa kabla ya masika. Akampa namba ya miadi: tarehe kumi na nne mwezi ujao, hospitali kuu.

"Lakini bibi, lazima uthibitishe kwenye ukurasa wa Ofisi ya Tarehe. Mara mbili. Mara ya kwanza wiki hii. Mara ya pili dirisha linafunguliwa tarehe nane, linafungwa tarehe kumi saa kumi jioni."

"Nisipothibitisha?"

"Unarudi mwisho wa foleni."

"Foleni yenyewe ndefu?"

"Miaka minne."

Nyamizi akacheka kidogo. Akasema kwa miaka minne hata aliye na macho anaweza kuwa hayahitaji tena.

*

Kompyuta ya kata ilikaa ofisini kwa Bwana Mtendaji Ligowoka, chini ya kitambaa cha kudarizi, na kitambaa chenyewe kiliinuliwa taratibu kama anavyofunuliwa bibi harusi.

"Haya bibi zangu," akasema Mtendaji, "namba ya miadi nimeshaiandika. Sasa tunatafuta kitufe cha kijani kilichoandikwa THIBITISHA."

"Kipo?" Nyamizi akauliza.

"Vipo kumi na kimoja."

Kimoja kilikuwa cha Serikali. Kumi vilikuwa vya wafanyabiashara, nao wafanyabiashara walikuwa wamegundua kwamba mwananchi akitafuta daktari hubonyeza chochote. Mtendaji akachagua kilichonona kuliko vyote. Kikamletea mafuta ya simba ya kuotesha nywele. Akarudi, akajaribu kingine. Hicho kikamwambia hongera, wewe ni mgeni wetu wa milioni moja. Mtendaji akavaa koti.

Hapo kompyuta ikasema kwa sauti ya mwanamke mpole: "Tahadhari. Kifaa chako kina virusi arobaini na saba. Bonyeza hapa viondoke."

"Usibonyeze, baba," nikasema.

"Bibi, imesema tahadhari," akanijibu, na yeye ni mtumishi wa umma, ni mtu wa kutii. Akabonyeza.

Kufika asubuhi yake, kata yetu ilikuwa imeomba uraia wa nchi nyingine kwa maandishi. Ilikuwa pia imepeleka barua za mapenzi kwa kata zote mia mbili, na kwa Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Wilaya alikuwa ameshajibu.

*

Akaitwa Fundi Melania. Huyu ni mama wa makamo, anatengeneza cherehani, redio na kompyuta, na bisibisi anaichomeka kifuani pale wenzake wanapochomeka kalamu. Akaitazama mashine kwa muda, akaguna.

"Mashine yenu haina adabu," akasema. "Ikitajiwa jina tu, inakwenda kumleta mwenye jina mpaka sebuleni. Haiulizi kama ni mgeni au mwizi."

"Ifundishwe," akasema Mtendaji.

"Ndiyo nataka kuifundisha. Ndani yake kuna faili dogo linaitwa hosts. Lichukulie kama kidaftari cha anwani. Mashine kabla haijatoka kwenda kuuliza fulani anakaa wapi, inasoma kwanza hapo. Mimi nikiandika kwamba fulani anakaa sifuri nukta sifuri nukta sifuri nukta sifuri, inakwenda huko, haikuti nyumba, inanyamaza."

"Na huyo fulani? Anakufa?"

"Hafi. Yuko kwake na wanawe. Ni wewe tu humwoni."

Mimi nilielewa haraka, maana mama yangu alikuwa na kidaftari hicho kichwani. Alipokuja mchumba asiyemtaka kumwulizia dada yangu, hakugombana naye. Alimwelekeza vizuri sana, pinda hapa, vuka pale, mpaka nyumbani kwa Mzee Kitundu, na Mzee Kitundu alikuwa amekufa kabla reli haijajengwa. Wachumba walikwenda. Hakuna aliyerudi kulalamika.

Melania akaketi, akaandika. Mstari mmoja jina moja: wa mafuta ya simba, wa kamari, wa hongera, wa virusi arobaini na saba. Mistari mia mbili na kumi na miwili. Mchana wote ulikwisha, na chai yetu. Alipomaliza akaufungua ukurasa wa Ofisi ya Tarehe, na chumba kikawa kimya.

"Mbona hamsemi?" Nyamizi akauliza. "Kuna nini hapo?"

"Kuna weupe," nikamwambia. "Weupe mtupu, na kitufe kimoja."

"Basi bonyezeni kabla hawajarudi."

Tukabonyeza. Uthibitisho wa kwanza ukapita.

*

Matangazo yakikosa watu, wenye matangazo husikia. Mfanyabiashara mmoja wa magodoro aligundua kwamba kuna kata moja, katika nchi nzima, imeacha kuyaona magodoro yake. Akapeleka malalamiko kwamba kata hiyo huenda hailali. Na watu wasiolala, Serikali lazima ijue wanafanya nini.

Akaja Waziri mwenyewe. Mheshimiwa Daktari Daktari Kasembe Ngulumba, Waziri wa Skrini na Utulivu wa Umma. Daktari ni mbili kwa sababu ya kwanza alisomea na ya pili alizawadiwa, na hataki kusema ipi ni ipi. Melania alikuwa ameshafunga kifurushi chake cha jela, mswaki na kanga mbili.

Waziri akasomewa ile mistari mia mbili na kumi na miwili, yote. Akafumba macho. Alipofumbua akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo jina likiandikwa humu, linakuwa halipo?"

"Lipo, Mheshimiwa. Halionekani tu kwenye mashine hii."

"Tofauti yake ni nini?"

Melania ni mwanamke mkweli. Akafikiri, akasema kwa upande wa kiserikali hajui tofauti yake.

Waziri akasimama juu ya kiti cha Mtendaji na kutuhutubia, ingawa tulikuwa watu wanne na wote tulimwona vizuri hata alipokuwa chini.

"Ndugu wananchi," akasema, "kwa miaka mingi Taifa letu limesumbuliwa na mambo. Tumeyajibu mambo, tumeyakanusha mambo, tumeyaundia tume. Kumbe dawa yake ni mstari mmoja. Kuanzia leo tunaanzisha Daftari la Taifa la Majina Yasiyokuwepo. Nchi iliyoendelea si ile iliyomaliza matatizo yake. Ni ile isiyoweza kuyafungua."

Tukapiga makofi. Melania alipiga na kifurushi kikiwa bado kwapani.

*

Kamati ya Daftari ikaundwa. Hapa niwaeleze desturi moja ya nchi hiyo, msije mkashangaa mbele. Jina lililoingizwa kwenye orodha na kamati haliondolewi ila na kamati ileile, wajumbe walewale, kwenye viti vilevile, wakiwa wamekula chakula kilekile. Iliwekwa hivyo baada ya kamati moja ya zamani kufuta kwa bahati mbaya jina la Rais wa kwanza kwenye orodha ya waliopigania uhuru. Wako wanaosema haikuwa bahati mbaya, lakini hao nao wamo kwenye orodha nyingine.

Kikao cha kwanza kilikaa kujadili kurasa zenye madhara. Mwenye magodoro alialikwa kama mdau wa maendeleo, kwa hiyo hakuwa na madhara. Mwenye mafuta ya simba alikuja amejipaka. Wale wa virusi arobaini na saba walijitambulisha kama wataalamu wa virusi, wakapewa viti vya mbele. Mistari yote mia mbili na kumi na miwili ya Melania ikapitiwa kwa makini na kufutwa, kwa kuwa haikuandikwa na kamati.

Ndipo yakaingizwa majina yanayostahili. Likaingia gazeti moja, halafu mengine ili lisijisikie limeonewa. Ukaingia ukurasa wa Mkaguzi wa Hesabu za Serikali. Ukaingia utabiri wa hali ya hewa, ambao ulisema mvua itachelewa, na mvua ikachelewa, jambo lililoonyesha wazi kwamba walikuwa wanashirikiana. Yakaingia matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Siku ya tatu, wakati Waziri amekwenda kunawa, Naibu Waziri akaingiza ukurasa wa Waziri. Waziri aliporudi akaingiza wa Naibu. Wakala pilau, kikao kikafungwa.

Daftari likaanza kushuka kwenye kila kompyuta ya nchi kila siku saa mbili asubuhi. Kuligusa lilikuwa kosa, linaitwa kufufua, na kifungo chake miaka saba.

Tarehe nane tukaenda ofisini kwa Mtendaji, mimi na Nyamizi, asubuhi na mapema. Matangazo yalikuwa yamerudi yote, yamenenepa. Mtendaji akaandika jina la Ofisi ya Tarehe. Mashine ikafikiri. Ikaleta giza.

"Haipo," akasema Mtendaji.

"Haipo vipi?" Nyamizi akasema. "Mwezi uliopita niliibonyeza."

"Bibi, Serikali imesema haipo."

"Ofisi ya Serikali haipo?"

"Ndivyo ilivyosema Serikali."

Baadaye tuliijua sababu. Ukurasa huo ulikuwa na kinamba kidogo juu pembeni, kinachoonyesha idadi ya wanaosubiri kupasuliwa macho. Siku hiyo kilisoma elfu arobaini na moja mia tatu na sita. Mjumbe mmoja wa kamati alikiona, akasema kinamba hicho kina uchochezi.

Melania alisimama mlangoni na bisibisi yake. Alikuwa anautazama ule mstari mmoja.

"Nikifuta hapo, inafunguka," akasema.

"Na mimi nakuandikia ripoti," akasema Mtendaji, kwa huzuni ya kweli, maana Melania ndiye aliyemtengenezea cherehani ya mkewe. "Dada, usinifanye niandike. Mwandiko wangu unajulikana."

"Miaka saba kwa jicho moja la bibi mzee," akasema Nyamizi. "Acha, mwanangu. Hata mimi nisingetoa bei hiyo."

Tukapiga simu hospitali kuu. Wakasema uthibitisho unapokelewa kwenye ukurasa peke yake.

Tulirudi nyumbani. Nyamizi alisuka mpaka adhuhuri bila kuniuliza rangi. Hilo lilinitisha kuliko daktari. Nikamwambia, "Fungasha. Tunakwenda kwa Waziri."

*

Waziri alitupokea tarehe kumi saa tisa mchana, kwa kuwa alisikia wamefika watu wa kata iliyozaa Daftari, na alikuwa na mpiga picha. Tukapigwa picha tatu. Kisha nikamweleza shida yetu.

"Mama zangu, ukurasa huo haupo," akasema kwa upole. "Kuuondoa Daftarini lazima kamati ikae upya. Na mjumbe mmoja ofisi yake imo Daftarini, kwa hiyo mwaliko haumfikii. Mwingine kiti chake kimevunjika mguu."

"Hakuna mashine hata moja nchini isiyo na Daftari?" nikauliza.

Akalivuta koti lake. "Ipo moja. Hii yangu. Lazima mtu mmoja ayaone yasiyoonekana, la sivyo tutajuaje kwamba hayaonekani?"

"Basi baba, mbonyezee huyu mwenzangu hapohapo kwenye yako. Kitufe kimoja tu."

Mpiga picha akainua kamera. Waziri akaona picha itakuwa nzuri. Akaandika namba ya miadi ya Nyamizi, na ukurasa ukafunguka.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mashine ya Waziri haikuwa na Daftari, na mistari ya Melania haikuwahi kuwemo, hivyo matangazo yote ya nchi yalikuwa yamejaa humo kama ndugu wa mgonjwa.

"Hongera Mheshimiwa," Waziri akasoma, "wewe ni mgeni wetu wa milioni moja." Akatugeukia. "Mnaona? Wananijua."

"Hapo sipo, baba," nikasema.

Akabonyeza. Kikamletea magodoro. Akabonyeza kingine, akapimwa umri wa kufa. Hicho kilimchelewesha, alitaka kukipinga. Saa tisa na dakika arobaini. Nyamizi alikaa mikono mapajani, uso kaulekeza kwenye sauti ya vidole vya Waziri. Saa tisa na dakika hamsini na tano tukafika kitufe cha kumi na moja. Ukurasa ukauliza: WEWE NDIYE? Chini yake mashine ikajaza jina yenyewe, kama zilivyo mashine za wakubwa, hujaza jina la mwenye mashine.

Mimi kusoma nasoma, ila polepole. Nilipomaliza "Mheshimiwa Daktari Daktari," Waziri alikuwa ameshasema "Bila shaka" na kubonyeza. Nilipofika "Ngulumba," karatasi ilikuwa imeshatoka.

Karatasi ikasema: Mheshimiwa Dk. Dk. Kasembe Ngulumba, jicho la kulia, tarehe kumi na nne, kitanda namba sita. IMETHIBITISHWA.

"Jina si lake," nikasema.

Waziri akaisoma, akaisoma tena. Saa kumi ikagonga.

"Sasa limeshaandikwa," akasema.

*

Tarehe kumi na nne Waziri alifika hospitali kuu na bendera kwenye gari, kwa sababu orodha ya vitanda ni orodha, na yeye ndiye mlinzi wa orodha zote. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Hatukuwa na karatasi wala kitanda, ila hakuna aliyetufukuza, maana hatukuwa kwenye orodha ya kufukuzwa.

Daktari wa macho, kijana mmoja mchovu aitwaye Nzowa, akalipima jicho la Waziri.

"Hili zima kabisa," akasema.

"Nashukuru," akasema Waziri. "Basi nakwenda."

"Huwezi kwenda, Mheshimiwa. Kitanda kilichothibitishwa hakilali kitupu. Kikilala kitupu, hospitali inafungwa, inaundiwa tume. Ni waraka wako."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo napasua. Panda."

Waziri akatazama kisu, akatazama mlango. Ndipo akakumbuka sheria iliyowaokoa mawaziri wengi kabla yake, kwamba kazi yoyote ngumu ya waziri inaweza kukaimishwa.

"Aitwe katibu muhtasi," akasema. "Na huyo mama wa benchini."

Barua ikapigwa palepale. *Kwa mamlaka niliyonayo namkaimisha Bi Nyamizi binti Sengo wadhifa wangu katika suala la jicho la kulia, na mengineyo.* Hayo "mengineyo" Waziri hakuyasema. Katibu aliyaweka mwenyewe kwa mazoea, kwa kuwa hakuna barua ya nchi hiyo inayomalizika bila mengineyo. Waziri akatia sahihi haraka, akagonga mhuri.

Muuguzi akamfunga Nyamizi utepe mkononi, umeandikwa Mheshimiwa. Nilimshika mkono mpaka mlangoni.

"Wakinikosea," akaniambia, "usiwauzie watu mikeka yangu ya kijani. Najua ulivyonifanyia."

Mlango ukafungwa, nikakaa pale saa mbili, na katika saa hizo mbili nilimsamehe mambo mengi ambayo baadaye ilibidi niyakumbuke upya.

Kesho yake asubuhi Daktari Nzowa akafungua bandeji. Muuguzi akainua mkono. "Mheshimiwa, vidole vingapi?"

Nyamizi akausogelea ule mkono.

"Vitatu," akasema. "Na hina yako imeanza kuchuja."

*

Tulitoka nje kutafuta usafiri wa kwenda stendi. Gari la Waziri lilikuwa limelala mlangoni likimsubiri mwenye kitanda namba sita, na sasa injini inaunguruma. Dereva akasoma utepe, akasoma barua mpaka kwenye mengineyo, akafungua mlango na kuinama. Askari wa getini akapiga saluti. Nyamizi akaitikia, "Marahaba."

Tulipokuwa tunatoka, aliingia mwanamume mmoja kwa miguu, suti imejaa vumbi, akaja kuulizia gari lake. Tukamsikia askari akimjibu, "Mzee, Mheshimiwa anaondoka sasa hivi. Nimempigia saluti mwenyewe."

"Mheshimiwa ni mimi."

Askari akafungua kompyuta yake ya getini, akaandika jina. Mashine ikafikiri, ikaleta giza.

"Hupo," akasema askari, bila ubaya wowote.

Dereva akauliza kwa adabu, "Mheshimiwa, tupite wizarani? Kuna mafaili yanasubiri. Au tuelekee nyumbani?"

"Nyumbani," akasema Nyamizi. "Ila pita barabara kubwa. Taratibu."

Barabara kubwa ya mji ule ina mabango pande zote mbili, makubwa kama nyumba, toka hospitali mpaka unapoingia shambani. Nyamizi akabandika uso kwenye kioo. Yeye alifika darasa la saba, anasoma kunipita.

"Sabuni ya Povu Tele," akasoma. "Yaondoa madoa hata ya ndoa."

Gari likaenda.

"Soda ya Ukwaju. Baridi kama shemeji. Nyekundu hiyo, unaiona? Nyekundu kabisa." Akafuta kioo kwa ncha ya kanga. "Bima ya Mazishi Tulia. Kufa ni lazima, wasiwasi si lazima. Rangi ya bluu, na ua la manjano pembeni, la manjano bivu."

Nilikuwa na usingizi wa siku tano. Nikamwambia, "Nyamizi, hayo ni matangazo tu. Ndiyo tuliyoyahangaikia yote haya tusiyaone."

"Najua," akasema. "Nyamaza, kuna lingine linakuja."